Hodi ya Mlango wa Uani

Nani anamshika nani? Nimezaliwa na swali hilo na sijaona jingine lenye maana zaidi. Anayedhani ni swali dogo na aje asimame hapa niliposimama, juu ya weupe usio na mwanzo, aangalie chini ya miguu yake, kisha aniambie amesimama juu ya nini. Atasema theluji. Wote husema theluji. Ni sawa na kumuuliza mtu ameoa nani akakujibu, "Mwanamke." Ndiyo, bwana, tumesikia, lakini wa nani, wa wapi, ana hasira gani, na analala upande gani wa kitanda?

Mimi ni Mize binti Mboni, Mbisha Hodi wa Mlima. Sijivuni, najieleza tu, na maelezo yenyewe ndiyo yanayojivuna. Mama yangu alikuwa Mbisha Hodi, na mama yake, na mama wa mama yake, na huko nyuma zaidi majina yameganda yote yakawa kitu kimoja. Watu wa Mlima hawavuki mteremko wenye theluji mpaka mmoja wetu aulize kama kuna ruhusa. Kwa hiyo natangulia. Navaa miguuni mbao zangu ndefu za kutelezea, ambazo wakati wa kupanda tunazivika ngozi ya mbuzi kwa chini, manyoya yakilala kuelekea nyuma ili zisirudi kinyumenyume. Nikifika nachimba shimo kwa koleo mpaka ukuta wa theluji unasimama mbele ya uso wangu. Nachonga nguzo moja na kuitenga na ukuta, naweka bapa la koleo juu ya kichwa chake, halafu nabisha. Hodi ya kwanza ni ya kifundo cha mkono, ya mtu mwenye adabu. Ya pili inatoka kwenye kiwiko, ya mtu aliyechoka kusimama nje. Ya tatu inatoka begani, na hiyo ni nusu ya kuvunja mlango.

Nguzo ikivumilia zote tatu, mlima umenyamaza, nasi tunapita. Lakini nguzo ikikatika, theluji ya juu ikateleza juu ya ile ya chini na kuniangukia magotini, basi mlima umejibu. Umesema neno ambalo kwetu halisemwi, na nitalitamka hapa mara moja tu, mniwie radhi: karibu. Mlima ukikuambia hivyo, geuza mbao zako urudi ulikotoka. Nyumba inayomfungulia mtu mlango upesi namna hiyo ina shida yake ndani, na huyo mtu ndiye atakayeitatua kwa mwili wake.

Ndiyo maana hata majumbani neno hilo hatulitumii. Kitu kisicho mbali tunasema kiko hapahapa. Mgeni akibisha hodi tunanyamaza, na kunyamaza kwetu ndiko kumwambia aingie, amefika kwao. Watu wa bondeni wakija kututembelea hubisha mara tatu, wakasikia kimya, wakageuka na kwenda zao wakinung'unika kwamba watu wa mlimani hawana utu. Na sisi huku ndani chai tumeshaimimina, tunatazamana, tunaulizana ni mgeni gani huyu anayeogopa kuingia. Chai inapoa, na kila upande unaondoka na malalamiko yake.

Kwetu hakuna mwaka. Kuna matabaka. Mtu akiniuliza umri wangu namwambia achimbe. Theluji ya juzi iko hapo juu, laini, bado inapumua. Chini yake iko ile iliyopigwa na upepo ikawa ngumu kama kigae. Chini ya hiyo liko gamba la siku ambayo jua lilisahau kuzama, na siku hiyo mimi nilikuwa naolewa, au mama ndiye aliyekuwa anaolewa, maana shimoni mambo haya hayatengani vizuri. Nikichimba mpaka kiunoni mimi ni msichana. Nikichimba mpaka kidevuni naitwa Mboni, nina kamba nyekundu kiunoni, na watu wananisubiri nyuma yangu. Nimewahi kutoka shimoni nikamwita binti yangu kwa jina la bibi yake, naye akaitika, tukaendelea na kazi bila kujua vizuri nani kamzaa nani.

Siku ninayoisimulia, Mkuu mpya alitakiwa kuvushwa. Mkuu hawi Mkuu mpaka akae kwenye kiti chake Upande wa Jua, na Upande wa Jua uko ng'ambo ya Shavu. Shavu ni mteremko mpana, mweupe, uliovimba katikati kama shavu la mtu aliyeficha tonge. Wakuu wote walipita hapo, wima, wakitazamwa. Pembeni mwa Shavu iko Pua, kigongo chembamba cha mawe ambako theluji haikai kwa sababu ya upepo. Huko hupita mbuzi, na mtu akipita hutambaa kwa mikono na magoti. Mkuu mpya alikuwa amevaa joho jekundu, amesimama juu ya mbao ambazo hazijawahi kukwaruzwa. Nyuma yake alikuwapo Faki, mchukuzi wake, amebeba kiti cha enzi mgongoni, akitweta na kumlaani seremala. Nyuma ya Faki kilikuwapo kijiji kizima, wazee kwa vijana, na watoto wachanga migongoni mwa mama zao. Hakubaki mtu nyumbani. Kosa moja siku ile lingetumaliza sote, na kusingebaki hata wa kutulilia.

Nikabisha pale panapobishwa. Tunapaita Kizingiti, ukingo wa chini wa Shavu, mbele ya jiwe ambalo mama zangu wote waliegemeza mbao zao mpaka likang'aa. Huko ndiko mlangoni, na mtu aliyelelewa habishi hodi dirishani. Kifundo: kimya. Kiwiko: kimya. Bega, na hapo nilibisha kwa bega la ukoo mzima: kimya. Nikageuka, nikainua koleo juu, nikapaza sauti.

"Kimya!"

"Kimya!" kijiji kikaitikia, na sauti zao zikanipanda mgongoni mpaka utosini. Sioni haya kusema nilijisikia mrefu. Hakuna mtu aliyekuwa juu yangu wakati ule, hata yule mwenye joho, maana bila neno langu joho lake lilikuwa kitambaa tu.

Sheria yetu ni fupi. Anayesema kimya ndiye anayetangulia, peke yake, akiburura kamba nyekundu ndefu nyuma yake. Theluji ikimmeza, kamba kwa wepesi wake hubaki juu, na wenzake huifuata mpaka alipo. Mama yangu Mboni alisema kimya palepale Kizingitini. Akatangulia, na Shavu likamwangukia. Niliifuata kamba yake kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa ndefu, ikawa fupi, kisha ikawa mama. Tangu hapo kijiji kinasema mlima ulimdanganya Mboni, nami nimesema hivyohivyo maisha yangu yote.

Nilikuwa nafunga kamba hiyo kiunoni niliposikia naitwa kutoka mawe ya Pua.

"Mama! Usikanyage!"

Alikuwa Siwatu, binti yangu wa pekee, mtu mzima mwenye nyumba yake na ulimi wake. Tangu asubuhi sikuwa nimemwona, nikadhani amenuna kwa sababu nilikataa abishe yeye mbele ya Mkuu. Alishuka ubavuubavu juu ya mbao, akashika njia ya ukingoni isiyogusa Shavu, akasimama mbele yangu bila salamu, nyusi zimemganda barafu.

"Nimeshabisha," nikamwambia.

"Najua. Na mimi nimebisha."

"Wapi?"

"Uani."

Watu wakacheka. Mlima una uani? Lakini Siwatu hakucheka.

"Kila nyumba ina uani, mama. Nimezunguka nyuma ya uvimbe, kule upepo unakoimwaga theluji yote unayoikwangua kwingine. Nilijifunga kamba ya katani kwenye jiwe la Pua, nikachimba palepale ukingoni. Hata sijaanza kuchimba, mlima uliguna."

"Uliguna vipi?"

"Mm-mh. Kama wewe unapoletewa mkwe usiyemtaka."

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, na Faki alicheka mpaka kiti kikamyumbisha. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Mguno wa mlima ni theluji ya juu kukaa chini ghafla, kama mtu aliyevutiwa kigoda, na ukiusikia huna haja ya kuuliza mengi. Lakini niliuliza.

"Na nguzo?"

Akalisema lile neno. Lote, kwa sauti, mbele ya watoto. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Kilichofuata ni ukimya ambao haukuwa wa kumruhusu mtu yeyote kupita popote.

Mkuu akasogea, mbao zake zikigongana kwa ugeni.

"Bi Mize, nani Mbisha Hodi hapa? Wewe au mtoto?"

"Mimi, Mkuu."

"Umesikia nini?"

"Kimya."

"Basi tupite. Tunaganda."

Nilikasirika. Nisiseme nilisikitika, wala kwamba nilihofia watu. Hayo yalikuja baadaye. Kwanza nilikasirika kama mwanamke aliyefunuliwa chungu chake mbele ya wageni. Nikamshika Siwatu mkono, nikamvuta kando, ingawa kwenye theluji hakuna kando, kila neno linasikika.

"Unanivua nguo mbele za watu, Siwatu?"

"Mama, mgeni akikaa barazani kwetu akiuliza hali, anaambiwa nini?"

"Anaambiwa hatujambo."

"Hata tukiwa tumelala na njaa?"

"Hata tukiwa tumelala na njaa. Ndiyo heshima."

"Na anayepitia uani?"

Nani asiyejua? Anayepitia uani anaona chungu kimefunikwa kifudifudi. Anasikia nani na nani hawasemezani, anajua mgonjwa ni nani na anaumwa nini. Barazani kila nyumba imeshiba.

"Kizingitini umekanyaga wewe," Siwatu akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "akakanyaga bibi, na kila anayesubiri kuvuka amekanyaga hapo. Imeshindiliwa mpaka imekuwa sakafu. Unaibishia hodi sakafu, mama. Itajibu nini?"

"Unasema bibi yako alikosea?"

"Nasema bibi hakudanganywa."

Neno hilo lilinipiga mahali ambapo sikujua pana mwili. Maana kama mlima haukumdanganya Mboni, basi Mboni alikufa kwa adabu. Alikufa kwa sababu alibisha hodi mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hubisha, na mimi binti yake nilikuwa nimefunga kamba yake ileile kiunoni, tayari kwenda kufa kwa heshima ileile, na kijiji kizima kikinifuata huku kikiitikia.

"Nisubirini," nikawaambia.

"Na ukisikia kimya huko?" Mkuu akauliza.

"Nitatangulia."

"Na usipokisikia?"

Nikavaa mbao zangu nikapanda. Siwatu alinifuata nyuma, akanifunga kwenye jiwe kwa kamba ya katani, akaivuta mara mbili kuona kama imeshika. Nilimwacha afanye.

Shimo lake lilikuwa pale, limechimbwa vizuri, na moyoni nikasema angalau nimemfundisha kuchimba. Nikachonga nguzo yangu mwenyewe kando ya alipochonga yeye, kwa maana sikutaka jibu la kuazima. Nikaweka koleo juu yake. Nikainua mkono kwa hodi ya kwanza, ile ya adabu, na sikuwa nimebisha bado, nilikuwa nimeuachia tu mkono ujiangukie. Nguzo ikakatika. Kipande cha juu, kizito, kizuri, cheupe, kilitoka kama droo inavyotoka kwenye kabati na kunilalia mapajani.

Nikainama kuangalia kilikotoka. Kati ya theluji ya juu na ya chini kulikuwa na mstari mwembamba wa punje kubwa zenye kung'aa, kama sukari iliyomwagika mezani. Nikazichota. Hazikugandamana. Zilinipita vidoleni moja moja, kila moja na njia yake, na nikiwa nimeinama hivyo, kidevu kikigusa ukingo wa shimo, sikuwa Mize tena, au sikuwa Mize peke yake. Nikasikia punje zinasema, na nayarudia ziliyosema kama zilivyosema.

Sisi ndio uliotukanyaga.

Hatuna kinyongo. Kinyongo ni cha aliyeulizwa akakataliwa. Sisi hatukuulizwa.

Tulianguka wepesi, tukashikana mikono. Kisha ukaja Utulivu. Unaukumbuka Utulivu? Baba wa huyu mwenye joho aliamuru mtu yeyote asipaze sauti, na mbingu nazo zikatii. Hakuna wingu. Hakuna upepo. Baridi safi. Mlitoka nje mkasema, tazama, mlima umetulia.

Tuliambiwa tung'ae. Tuling'aa. Kila mmoja alijichonga apendeze, akapata pembe zake na kingo zake, na kadiri alivyopendeza ndivyo alivyouachia mkono wa jirani.

Kisha wakaletwa wazito, wakalazwa juu yetu, mkagonga mkasema imara.

Hatukusema kitu. Tulikuwa tumesahau kushika.

Nilikumbuka. Nilikumbuka siku zile za Utulivu, jinsi nilivyozipenda. Nilitembea juu ya mlima uliokuwa unameremeta, nikamwambia mume wangu kwamba sijawahi kuona amani kama ile. Hakukuwa na mtu aliyelia, maana kulia kulikatazwa, hata misibani. Nikadhani tumepona. Kumbe tulikuwa tunatandika kitanda cha sukari ili mwana wa yule yule aje alale juu yake na jeshi la theluji nzito, na sisi sote tuwe mto wake.

Bibi zangu walikuwa wakisema kwamba shikamoo maana yake nashika miguu yako. Mdogo anamwambia mkubwa: nimekushika, simama. Kila siku, nyumba kwa nyumba, walio chini wanawashika miguu walio juu, na walio juu wanaitika marahaba, wanaendelea na safari, hawaangalii. Nilifikiri hiyo ni salamu. Pale shimoni niliona ni ujenzi. Tabaka la chini limeshika miguu ya la juu, na la juu linajiita mlima. Siku mikono ya chini ikichoka, au ikikatazwa kushikana yenyewe kwa yenyewe, hakuna kelele. Hakuna anayepinduliwa. Ni salamu tu ambayo siku hiyo haikutolewa, halafu kila kilichokuwa juu kinakwenda chini kwa mkupuo, na kinapoteremka bado kinajiona kinatawala. Nikajiuliza kuna Mkuu gani aliyewahi kuinama kushika aliyemshika. Nikajiuliza kuna mama gani.

"Mama?" Siwatu akaita. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Nilimtazama. Alikuwa na masikio ya Mboni, yaliyochomoza kidogo chini ya kilemba, yale yale yaliyotaniwa na kijiji kizima. Nilikuwa nimemnyima koleo asubuhi ile kwa sababu nilitaka Mkuu anione mimi. Naye hakununa. Alipanda peke yake kwenye mawe yenye barafu, akaenda kugonga mlango wa aibu, kwa ajili yangu. Nikasikia fahari ikinipanda, si ile ya Kizingitini iliyonifanya mrefu, nyingine, iliyonikaa kifuani ikawa nzito mpaka machozi yakanitoka na baridi ikayagandisha papo hapo. Nilizaa mtu. Kati ya yote niliyoyafanya juu ya Mlima huu, hilo lilinishinda ukubwa.

Tukashuka kwa watu. Walikuwa wanapigapiga miguu, wananisubiri niseme. Kwa desturi yetu neno la Mbisha Hodi halirudi nyuma. Akishasema kimya, ni kimya, na anayelibatilisha ni Mbisha Hodi mwingine tu. Wote walilijua hilo. Mkuu alilijua kuliko wote, ndiyo maana alitabasamu.

Nilifungua kamba nyekundu kiunoni, nikaikunja. Nikaiweka juu ya koleo, nikavishika vyote kwa mikono miwili. Nikapiga magoti kwenye theluji mbele ya binti yangu wa kumzaa, na kijiji kizima kikasikia.

"Shikamoo, Mbisha Hodi."

Hakuna aliyecheka. Mama kumwamkia mwanawe! Sikupata jibu, na sikulingoja. Nilimwekea koleo mikononi, nikainuka, nikajipangusa magoti, nikarudi nyuma hatua chache, nikasimama na wengine katika umati kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kunaonekana vizuri ukiwa huko.

Siwatu alilishika koleo. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikumfundisha mimi.

"Mlima umejibu. Shavu halipitwi leo. Tunapita Puani, mmoja mmoja, na mbao tunazibeba mgongoni."

"Mkuu hatambai," akasema Mkuu.

"Basi Mkuu atabaki."

Mkuu akamkazia macho, naye Siwatu akamtazama vilevile, hana haraka, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ndipo Faki, aliyekuwa amechoka kuliko sote, akahema.

"Mimi nilijua tu kwamba jambo hili litatutokea puani."

Kijiji kikaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichofungua njia. Faki aliinama akaanza kutambaa kwenye mawe, kiti cha enzi mgongoni kimepinduka, miguu minne juu kama mbuzi aliyeanguka chali. Mkuu alikitazama kiti chake kinamwacha. Kinasogea, kinazidi kusogea. Akavua joho, akalifunga kiunoni, akaweka mikono chini, akakifuata. Wakafuata wanawake na watoto, wakafuata wazee, na Siwatu alisimama mwanzo wa mawe akimpitisha mmoja mmoja, akisubiri wa mbele afike salama ndipo amwachie wa nyuma. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipompita alinigusa begani, akaniambia niangalie jiwe la tatu lina barafu. Nikasema, ndiyo mama. Iliniponyoka tu.

Upande wa Jua jua lilikuwepo. Watu walilala kifudifudi juu ya ardhi yenye joto, wengine waliibusu. Mkuu alipangusa magoti yaliyochubuka, akavaa joho, akakaa kwenye kiti. Tukampigia makofi kama inavyotakiwa. Kisha akageuka kutazama tulikotoka, na sote tukageuka naye. Shavu lilikuwa palepale. Jeupe, laini, limevimba kwa tonge lake, hakuna hata ufa. Minong'ono ikaanza, maana watu ni watu. Mbona halikuanguka? Tumechubuka bure?

"Limesimama, Bi Mize," akasema Mkuu.

"Limesimama, Mkuu."

"Kwa hiyo tumetambaa bure."

"Bure kabisa, Mkuu. Tazama nyuma yako. Wote wamefika, bure."

Akatazama. Mtoto mmoja alikuwa anakojolea mguu wa kiti chake. Niliona mkono wa Mkuu umeshuka pembeni ya kiti, polepole, ukaupapasa mguu wa kiti chini, kama mtu anayetaka kujua kimeshikwa na nani.

Nilikwenda nyumbani kwa binti yangu jua likiwa bado linawaka. Huku nako tuna nyumba zetu, na yake ina baraza nzuri, imefagiliwa, mkeka umetandikwa. Nilisimama hapo. Mama hazunguki nyuma ya nyumba ya mwanawe kama jirani aliyeishiwa chumvi. Nilisimama mpaka nikajichoka mwenyewe, kisha nikazunguka.

Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa tu. Karibu yake — nimelisema, haya, nimelisema mara ya pili na mlima haujaanguka — zilikuwa zimeegemezwa mbao zake, ngozi zake zimeanikwa juu ya kamba. Chungu kilikuwa motoni, hakikufunikwa kifudifudi. Nikabisha kwa kifundo cha mkono. Kimya. Nikabisha kwa kiwiko. Kimya. Nikabisha kwa bega, kwa nguvu, na moyo unanidunda kama wa mgeni wa bondeni asiyejua mila za watu. Kimya.

Nikaingia.

Siwatu alikuwa amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo, anaikunja kamba nyekundu, kiganja mpaka kiwiko, kiganja mpaka kiwiko, kama alivyokuwa akiikunja Mboni. Vikombe viwili vya chai vilikuwa vimeshamiminwa, vinafuka. Hakugeuka. Alimaliza kukunja, akaifunga ncha, akaiweka magotini.

"Marahaba, mama," alisema.